Usiige Goti Langu

Santa Rosalía Yalehua,
Milimani, Oaxaca.
Jumanne, 8 Oktoba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Fidencio,

Pokea salamu zangu, tena nyingi, zijae humo chumbani kwenu Los Angeles mpaka ukose pa kuegemeza magongo yako. Hujambo? Wifi yangu Maribel hajambo? Na Yadira, bado anakataa maharage? Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama anakohoa kidogo asubuhi kwa sababu ya ukungu, lakini ulimi wake mzima kabisa. Jana kamtimua muuza sabuni hadi barabara kuu eti kamwita bibi.

Mahindi ya bonde la chini yamekubali. Ya juu yameliwa nusu na wanyama, nusu tutavuna. Shemeji yako Abundio mwaka huu kijiji kimempa utumishi wa kusimamia maji, bila mshahara kama unavyojua, kwa hiyo anashinda kwenye mabomba na mume wangu namwona kama mgeni anayepita kula. Mwanangu Heriberto na mkewe wako salama, na mkewe ni mjamzito. Utakuwa babu mdogo, ndugu yangu, jiandae kuota mvi.

Barua yako Bi Asunción, mbeba vifurushi wetu, amenikabidhi Jumapili pamoja na vile viatu vya watoto. Nimeisoma mara mbili. Pole sana kwa goti. Pole, halafu nikuulize: mtu wa miaka thelathini na sita anaruka kugombea mpira na vijana wa miaka ishirini, nani alimtuma? Nilikwambia tangu mwaka jana, cheza nyuma, pitisha mpira, waache wenye magoti mapya waruke. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Basi guu umeshavunja, sasa angalau sikia la mkuu.

Sikukupigia simu kwa makusudi. Wewe kwenye simu ni mtu wa mzaha. Nikisema neno zito unaniuliza habari za mbwa. Karatasi huwezi kuikatiza. Tena nataka ufike nayo mkononi kwa daktari tarehe ishirini na mbili, ndiyo maana nimembana Bi Asunción aondoke nayo Ijumaa hii hii, asisubiri vifurushi vya watu wa kijiji cha chini.

Umeandika hivi: "Dada, nimewaambia nataka upasuaji ule ule uliofanyiwa wewe, kano ya mbele, chini ya pia ya goti. Nimeiona video ya sikukuu ukiruka. Kama wewe umepona vile, mimi sina haja ya kufikiri." Nilipofika hapo nikaweka barua chini nikasema, Mungu wangu, huyu anakwenda kujikata mguu kwa kunitazama mimi kwenye simu.

Fidencio, ile video ni ya kweli. Sikudanganyi. Timu yetu ya mpira wa kikapu ilifika nusu fainali, nilifunga pointi kumi na moja, na yule msichana mrefu wa timu ya mabondeni alinikaba dakika arobaini akaishia kushika kiuno. Goti langu ni imara, halichezi, haliteguki, naliamini kama ninavyoamini mlango wa nyumba yangu. Daktari Villaseñor aliyenipasua akiliona hufurahi kama ni mtoto wake kafaulu mtihani. Lakini kuna jambo video haikuonyesha, na sikuwahi kukwambia kwa sababu ya aibu tu. Leo aibu naiweka kando. Mficha uchi hazai.

Nianze mwanzo ili uelewe.

Siku niliyoumia unaikumbuka, sikukuu ya mtakatifu wetu, miaka miwili iliyopita, tunagombea ndama wa mshindi. Nilitua vibaya nikasikia kitu ndani kimelia pwa! Wenzangu wa timu wanasema walikisikia hadi benchi. Goti likavimba likawa kama boga. Abundio akanibeba mgongoni hadi kwa Mzee Tranquilino, maana hakuna mtu wa hapa aliyeanguka asipelekwe kwanza kwa mkanda viungo. Mzee akalishika, akalipapasa, akavuta muundi mbele na nyuma. Nikadhani ataanza kukanda kwa ile pombe yake ya mitishamba. Akasema, "Mama, huu si mfupa uliotoka mahali pake. Ningekukanda ningechukua kuku wako bure. Ndani kuna kamba imekatika. Nenda mjini." Hata kuku hakuchukua. Namheshimu mzee yule mpaka kesho.

Mjini, Daktari Villaseñor akanieleza kwa utaratibu, na mimi nakueleza wewe kama alivyoniambia, maana umeandika kwamba huko kwenu walikueleza kwa haraka na mkalimani alikuwa anaangalia saa. Katikati ya goti kuna ukano unaozuia mfupa wa chini usiteleze mbele. Huo ukikatika hauungi wenyewe kama mfupa unavyounga. Nikamwuliza, si ushone tu kama nguo? Akacheka. Akasema kuna wachache ambao ukano umebanduka pale pale kwenye mfupa, hao wengine huweza kushonewa. Wangu ulikuwa umechanika katikati, nyuzi nyuzi, kama kamba ya punda iliyozeeka. Hapo huwa hawashoni, wanatoa kano mahali pengine mwilini na kuipitisha pale pale ulipokuwa wa zamani.

Akanipa kwanza njia ya kutopasuliwa kabisa. Hiyo usiidharau, mdogo wangu. Alisema kuna watu wanafanya mazoezi ya kukaza mapaja miezi kadhaa na wanaishi vizuri bila huo ukano, hasa wasiocheza michezo ya kugeukageuka. Nilijaribu miezi mitatu na nusu. Lakini wewe unaijua njia ya kwetu ya kushuka kisimani. Goti lilinitoka mara tatu, ya tatu nikiwa na ndoo, nikaviringika hadi kwa jirani. Nikarudi mjini nikasema, pasua.

Ndipo ikaja habari ya kano itoke wapi. Mama alikuwa amenisindikiza, amekaa na kikapu chake mapajani, hataki kukiweka chini sakafuni kwa watu. Daktari akasema tunaweza kutumia kano ya marehemu aliyejitolea viungo vyake, hapo mwili wako haukatwi mahali pa pili, ila kwa wachezaji vijana hukatika tena zaidi kuliko ya mtu mwenyewe. Mama akaingilia, "Haiwezekani." Daktari akadhani ni mambo ya dini. Mama akamwambia, "Huyo marehemu siku ya wafu atakuja kwetu, si kano yake iko kwetu? Sasa nitamwandalia mkate gani? Sijui alipenda mtamu au wa chumvi. Sijui hata jina lake. Aje akae mezani kwangu na njaa?" Haki ya Mungu, daktari alichukua kalamu. Aliandika kitu kwenye faili, mpaka leo natamani kujua aliandika nini.

Zikabaki za kwangu mwenyewe. Kuna kano ya mbele, hii inayotoka chini ya pia ya goti kwenda kwenye muundi. Wanachukua kipande cha katikati pamoja na vijipande vya mfupa huku na huku, na mfupa ukikutana na mfupa unashika mapema na kushika kweli kweli. Hii ndiyo madaktari wengi huwapa wachezaji. Kuna kano mbili za nyuma ya paja. Hizo huchelewa kidogo kushika, na nguvu ya kuvuta kisigino nyuma hupungua kidogo, lakini mbele ya goti huguswa kidogo sana. Na kuna ile iliyo juu ya pia ya goti, nene, ambayo alisema siku hizi wanaitumia zaidi na zaidi. Kila moja ina bei yake, alisema, si ya fedha, ni ya mwili.

Sasa sikiliza kwa makini, hapa ndipo nilipojichimbia shimo.

Akaniuliza, "Unacheza?" Weee! Nikakaa wima. Nikamwambia nacheza tangu nina miaka tisa, nimekuwa nahodha miaka kumi na minne, nimeleta ndama wanne kijijini. Hata Mama aliacha kikapu akaanza kuongeza pointi ambazo sikufunga. Daktari akapendezwa, maana na yeye alikuwa mchezaji ujanani. Tukazungumza mpira wa kikapu robo saa. Halafu akauliza, na aliuliza waziwazi, sitaki umlaumu: "Na kazi yako, inakulazimu kupiga magoti?"

Nikamjibu, "Hapana, daktari."

Na Mama, ambaye amepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia tangu kabla hajaota meno ya pili, akatikisa kichwa pamoja nami. Hapana, hapigi.

Hatukusema uongo. Ndilo linaloniuma. Wewe unajua kwetu kazi ni nini. Kazi ni shamba, kazi ni msaragambo wa barabara, kazi ni utumishi ambao baraza limekupa. Nani kwetu aliwahi kusema kusaga ni kazi? Mwanamke anaamka, anapiga magoti, anasaga, kama anavyonawa uso. Nikimwambia mtu kusaga ni kazi atanicheka. Basi daktari alipouliza kazi, akili yangu ilikwenda shambani na jembe, na jembe unalishika umesimama. Akaandika: mchezaji, hapigi magoti. Akanichagulia kano ya mbele. Kwa mtu niliyemwelezea, alichagua sawasawa. Mtu mwenyewe tu ndiye hakuwa mimi.

Mazoezi nikayafanya, miezi kumi na moja, sikuruka hata siku moja, na hilo nalo nitalirudia. Miezi ya mwanzo nilisaga kidogo na sikuona ajabu goti kuuma, maana kila kitu kilikuwa kinauma. Mke wa jirani alinisaidia unga. Nikasema litapita.

Ikaja harusi ya Heriberto mwezi wa nne. Wewe ulituma salamu na kitambaa cha meza, ahsante, kilipendeza. Unakumbuka desturi: asubuhi ya kusaga kakao ya bwana harusi, wanawake wa nyumba wanapanga mawe yao mstari mmoja, na mama wa bwana harusi ndiye wa kwanza kupiga magoti na wa mwisho kuinuka. Jiwe langu nimelipata siku ya harusi yangu, nikalisubiri hilo jambo miaka ishirini na mbili. Mwanangu wa kwanza, Fidencio! Nikavaa vazi jeupe, nikatandika mkeka, nikapiga magoti mbele ya wanawake kumi na wanane.

Maumivu yaliyonipata sijui nikuelezeje. Ni pale mbele, pale walipokata, kama umepigia magoti msumari. Mtu akitembea hana shida, akiruka hana shida, akipiga magoti na kusukuma uzito wa mwili mbele, na kusaga ni huko huko kusukuma, analiona jua saa sita usiku. Nikasaga mistari mitatu. Jasho likanitoka likadondokea kwenye kakao. Nikainuka nikasema naenda kuangalia kuni. Nikaenda nyuma ya jiko nikalia kama mtoto mdogo, na kuni zilikuwa tele.

Nikiwa huko nikasikia maneno ya shangazi yetu Hermelinda, unamjua alivyo. "Loo! Nahodha! Mpira hauna uzito, jiwe ndilo lenye uzito." Wakacheka. Mama akamwambia, "Wewe Hermelinda, saga yako, imekuwa changarawe." Lakini Mama ndiye aliyeshuka kwenye jiwe langu, na kifua chake kile, akasaga sehemu yangu mpaka mwisho. Kakao ya mwanangu ilisagwa na bibi yake. Sikupata kuinuka wa mwisho. Hilo sitalisahau, na sitaki uniambie si kitu, maana kwangu ni kitu.

Nilirudi kwa daktari. Akanisikiliza, akafungua faili, akanisomea jibu langu mwenyewe. Hakuninyooshea kidole. Akasema kwa wengine maumivu hayo hupungua na miaka, kwa wengine hubaki, na kwamba angejua angenitolea nyuma ya paja au juu ya pia ya goti. Kisha akasema, "Kosa ni langu pia. Nilitakiwa kuuliza siku yako inaendaje, nikauliza kazi." Tangu siku hiyo anawauliza wanawake wote wa milimani habari ya jiwe. Angalau nimewafaa wengine.

Usinihurumie. Mimi si mtu wa kukaa chini nikalia, nililia mara moja nyuma ya jiko, imetosha. Abundio amenitengenezea meza fupi nzito ya mbao za mwaloni, jiwe likakaa juu, mimi nasimama nasaga. Wanawake walinitania mwezi mzima, eti napiga pasi mahindi. Wiki iliyopita nani kaja kuniuliza Abundio anachukua siku ngapi kutengeneza moja? Hermelinda, mgongo unamuuma. Nikamwambia asubiri foleni kama watu wengine.

Nirudi kwako sasa. Umeandika kwamba daktari wako alikuuliza unafanya nini, ukamjibu, "Nacheza kikapu, na nafanya ujenzi." Ujenzi! Wewe ujenzi gani unaofanya? Anayesikia ujenzi anaona mtu kasimama juu ya ngazi. Wewe unapanga vigae, Fidencio. Unapiga magoti saa nane kwa siku, siku sita kwa wiki, kwenye sakafu za bafu za watu, unasogea kwa magoti kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Hayo magoti ndiyo yanayolisha Maribel na Yadira, na ndiyo yaliyoezeka hii nyumba ninayoandikia. Kikapu unacheza Jumapili. Na wewe unakwenda kuchagua goti la Jumapili.

Nakujua, utasema ujenzi ni neno la heshima zaidi kuliko kutambaa sakafuni. Ndiyo. Na mimi nahodha lilikuwa neno la heshima zaidi kuliko msagaji.

Mimi si daktari na huwezi kufuata goti langu wala mdomo wangu. Pengine akikupima atasema hata usipasuliwe, mazoezi yatatosha. Sawa, jaribu, huna kisima cha kushuka. Pengine atasema nyuma ya paja, au juu ya pia ya goti. Kila atakalosema, muulize: hili nikipiga magoti juu yake kila siku kwa miaka ishirini, litanifanyaje? Na muulize ni miezi mingapi kabla hujarudi sakafuni, ili fundi mwenzako asikuhadae urudi mapema. Usikubali upasuaji kabla uvimbe haujashuka na goti halijanyooka lote. Na ukishapasuliwa, mazoezi, mazoezi, mazoezi. Anayekuuguza asikuonee huruma. Maribel namwamini kwa hilo, wewe sikuamini.

Lakini maneno wewe hujui kuyasema mbele ya watu wenye koti jeupe, unakuwa mpole ghafla. Kwa hiyo usiseme. Tarehe ishirini na mbili, kabla hajafungua faili, weka magongo kando. Shuka kwenye kiti. Piga goti lako zima hapo sakafuni mbele yake, lile bovu Maribel akushikie lisiguse chini, mkono mmoja umeushika ukuta, mwingine uupitishe sakafuni kama unavyolaza kigae, kisha mwonyeshe kwa kidole mpaka ukuta wa pili ambako ungekuwa umefika saa sita mchana. Mkalimani hatahitajika. Daktari akishakuona pale chini, ndipo achague.

Mama anakusalimu na anasema kitambulisho chake kimepatikana, kilikuwa kwenye gunia la chumvi. Abundio anakusalimu kutoka kwenye mabomba. Heriberto na mkewe Noemí wanakusalimu. Mzee Tranquilino kaniuliza habari zako, nikamwambia goti, akasema nawe usimpelekee kuku. Nisalimie Maribel sana, mwambie awe na moyo, na Yadira mwambie shangazi yake alikula maharage ndiyo maana anaruka. Kwenye kifurushi kuna chokoleti kilo mbili, nimeisaga mwenyewe, nimesimama.

Mungu akulinde kwenye kisu na baada ya kisu, akupe goti la siku zote saba za wiki, na siku ile akuondolee haya mpaka goti lako zima liguse sakafu ya watu mbele ya daktari bila kuona aibu yoyote.

Ni mimi, dada yako akupendaye hata unapokuwa mbishi,

Eufrosina